Kalgoorlie, Australia: dhahabu ilishaanza kushuka, kwa nini wakajenga jumba la mji 1908? Tena mawili!

#1 Kapripointi
Wakuu salaam.

Nipo Kalgoorlie, Australia Magharibi, kimasomo (madini). Kila nikienda dukani napita mbele ya jumba la mji, Mtaa wa Hannan kona na Wilson. Jengo la fahari kwelikweli: nguzo, nakshi za plasta, ngazi pana ndani, dari la bati lenye maua. Nje ameketi mzee wa sanamu kashika kiriba cha maji, na maji ya kunywa yanatoka humohumo kwenye kiriba.

Kinachonisumbua ni hesabu. Dhahabu hapa iligunduliwa Juni 1893. Uzalishaji wa jimbo zima ulifika kileleni 1903, wakia zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kisha ukaanza kuteremka. Jumba limefunguliwa 1908. Yaani miaka mitano baada ya kilele ndipo watu wanakumbuka kujenga! Na si hilo tu: Boulder, mji wa jirani, kilomita chache tu kutoka hapa, nao walifungua jumba lao mwaka uleule wa 1908. Halmashauri mbili, majumba mawili, mwamba uleule mmoja.

Kwetu rashi (watu kukimbilia dhahabu mpya) ngapi zimepita? Zikishapita tunabakiwa na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na mabati yaliyotoboka. Hawa jeuri hiyo waliitoa wapi? Wenye kujua mnieleze.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshaketi. Picha mkuu, uzi wa jengo bila picha ni hadithi ya sungura.

#3 Mzee wa Maduara
Kapripointi unauliza jibu. Sisi wa machimboni tunalijua hili. Duara likiwa linatema, hakuna mtu anajenga nyumba. Hela inaingia usiku, asubuhi imeshakwisha, unajua kesho inakuja nyingine. Ukiona tajiri ameanza kununua saruji na kutafuta kiwanja, ujue mwamba umeanza kukata. Hao nao 1908 waliona mkanda wa dhahabu unapungua, wakasema tuweke kitu kabla hakijaisha chote.

Nimechimba Nyarugusu, nimechimba Lwamgasa, sijaona tofauti.

#4 Bi Karatasi
Mzee wa Maduara, maelezo yako ni matamu ila yanafaa kwa mchimbaji mmoja mmoja. Kalgoorlie ya 1908 haikuwa hivyo tena. Wachimbaji wa karai na sepetu walikuwa wamesukumwa pembeni zamani. Ile sehemu waliyoiita Maili ya Dhahabu ilikuwa ya makampuni, mengi yakiwa na wanahisa London, na watu walikuwa wanalipwa mshahara wa wiki. Mtu wa mshahara ana mke, ana watoto shule, anapanda tramu (tramu zilianza 1902). Karibu 1903 Kalgoorlie na Boulder pamoja zilikuwa na watu kama 30,000. Hoteli zinazotajwa ni 93 na viwanda vya bia 8.

Halafu jambo la pili. Kushuka kutoka kileleni si kufa. Bei ya dhahabu wakati ule ilikuwa imefungwa, takribani pauni 4 na robo kwa wakia safi, haipandi wala haishuki. Kadiri walivyochimba kwenda chini, mawe yalizidi kuwa maskini na gharama zikapanda, kwa hiyo faida ilibanwa pole pole. Mtu aliyekuwa akiishi pale hakuona mwisho wa dunia.

#5 Nuru ya Tatu
Nguzo, kiriba, namba 8 mwishoni mwa 1908. Wenye macho tumeshaelewa. Hilo ni jengo la Freemason.

#6 Shangazi Zuu
#5 kwako kila jengo lenye nguzo nne ni Freemason. Hata benki ya mtaani kwetu uliisema hivyohivyo mwaka juzi.

#7 Kiti cha Mbele
Viwanda vya bia 8, hoteli 93, halafu watu wanashangaa hela za ukumbi zimetoka wapi. Kodi ya bia hiyo wakuu.

#8 Baba Tatu wa Perth
Habari za leo. Niko Perth miaka mingi na Kalgoorlie nimeenda mara kadhaa. Mnazunguka mbali, jibu ni MAJI.

Kule ni jangwa. Hakuna mto. Wa mwanzo walikuwa wanachemsha maji ya chumvi ya mabwawa na kukusanya mvuke, wanauziana kwa bei ya kuogofya. Homa ya matumbo iliua watu wengi kuliko mashimo. Ndipo serikali ikakopa pauni milioni 2 na nusu kujenga bomba kutoka bwawa la Mundaring karibu na Perth, zaidi ya kilomita 500, vituo 8 vya pampu za mvuke vikiyapandisha maji, galoni milioni 5 kwa siku. Januari 1903 likafunguliwa. Kabla ya hapo nani angejenga jumba la fahari mahali ambapo hata kukoroga zege ni anasa? Maji kwanza, ukumbi baadaye. Miaka mitano ya kujipanga, 1908 hiyo hapo.

Na mhandisi wake, C. Y. O'Connor, masikini: siku ya ufunguzi bomba likafunguliwa, maji hayakutoka, akajiua kwa aibu. Kesho yake maji yakafika.

#9 Bi Karatasi
Baba Tatu, hoja ya maji naipokea, ila hicho kisa cha mwisho ni hadithi ya mitaani. O'Connor alijiua tarehe 10 Machi 1902, pwani karibu na Fremantle. Bomba lilifunguliwa 24 Januari 1903. Miezi kumi kabla! Hakuiona hata hiyo siku ya ufunguzi. Kilichomwandama ni magazeti na wanasiasa waliokuwa wakimwita mla rushwa na mpotezaji wa fedha za umma.

#10 Baba Tatu wa Perth
Mimi nimesimuliwa hivyo na mzee mmoja wa hukohuko, tena mzaliwa.

#11 Shangazi Zuu
Wazaliwa ndio wasimuliaji wabaya kuliko wote. Niulize mimi habari za Bagamoyo.

#12 Fundi Saa
Tuje kwenye swali la pili la mleta mada, maana wote mmelirukia: kwa nini MAWILI?

Hapo hakuna maji wala mwamba, hapo ni Simba na Yanga. Kalgoorlie ndiyo ilikuwa na maduka, mabenki, hoteli kubwa kama Palace ya 1897. Boulder ndiko kulikokuwa na migodi yenyewe na wachimbaji. Sasa wewe ndiye unayetoa jasho, mwenzako ndiye anayeuza viatu na kujiita mji mkubwa. Akitangaza kujenga jumba unamwacha? Boulder walijenga ili wasiitwe kitongoji. Mengine yote ni visingizio.

#13 Kapripointi
Asante wakuu, nasoma zote. Fundi Saa, hoja yako inanikaa, maana Boulder si tu walijenga, walijitutumua. Kwenye jukwaa la jumba lao kuna pazia lililochorwa 1908 na Philip Goatcher, Mwingereza aliyekuwa amechora mandhari za majukwaa London na New York kabla ya kuja Australia. Limechorwa Ghuba ya Naples. Bahari ya buluu, Italia, katikati ya vumbi jekundu! Wanasema ni la pekee kati ya mapazia yake lililobaki likiwa linatumika. Kalgoorlie hawana kitu kama hicho.

#14 Kiti cha Mbele
Pazia la bahari jangwani. Mchimbaji katoka zamu, koo limejaa vumbi, anafunguliwa pazia anaona maji ambayo hawezi kuyanywa. Hayo ni mateso.

#15 Mluhya wa Lurambi
Salamu kutoka Kakamega. Nimesoma nikacheka nikalia. Hapa kwetu dhahabu ilizua kishindo 1931, wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi waliokuwa wamefilisika mashambani kwa ule mdororo wa uchumi. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Mnajua tulichojengewa? Sheria! Ardhi ya wenyeji ilikuwa imehakikishwa kwa sheria iliyopitishwa 1930, kwamba ikichukuliwa lazima watu wapewe ardhi nyingine. Dhahabu ilipoonekana, mwishoni mwa 1932 wakaibadilisha haraka ili waweze kuchukua bila kutoa ardhi mbadala.

Kwa hiyo mleta mada ukiuliza kwa nini huko kuna jumba na huku hakuna, anza na kuuliza waliokaa pale walikuwa nani. Huko mlowezi alikusudia kufia palepale. Hapa Kakamega alikuja kuponya deni la shamba lake.

#16 Mzee wa Maduara
#15 umeongea. Hapo nimenyamaza.

#17 Mtu wa Lupa
Wala si Kakamega pekee. Chunya, machimbo ya Lupa, dhahabu tangu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 palijaa watu wa kila rangi. Wakongwe wa kwetu wanakusimulia mji uliokuwa na kila kitu. Tafuta leo jumba hata moja la umma la kujivunia la enzi zile. Mapato yalikwenda wapi? Hakukuwa na halmashauri ya mji yenye meno. Kulikuwa na mkuu wa wilaya, na hesabu zake zinakwenda Dar na London.

Kalgoorlie walikuwa na manispaa yao tangu 1895, miaka miwili tu baada ya dhahabu! Meya, madiwani, kodi ya viwanja na majengo wanakusanya wenyewe na kuitumia wenyewe. Hapo ndipo penye siri. Si dhahabu iliyojenga, ni kodi ya majengo. Hata karne hii ushuru wa huduma halmashauri zetu zilizokuwa zikipata kutoka migodini ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Na kwa miaka mingi mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa unalipa dola 200,000 tu kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba, mpaka utaratibu ulipobadilishwa.

#18 Diwani Mstaafu
Kijana wa Lupa, nimekaa kwenye vikao hivyo. Nakuhakikishia asilimia 0.3 ikiingia, kabla haijafika kwenye ukumbi inapitia semina, posho na gari la mwenyekiti. Tatizo si kiwango peke yake.

#19 Shangazi Zuu
Diwani nawe ulikuwemo kwenye gari au nje ya gari?

#20 Diwani Mstaafu
Nilikuwa nyuma ya gari, nasukuma.

#21 Bin Slum wa Mji wa Kale
Assalaam aleikum. Ndugu wa Kalgoorlie, nimesoma mahali kwamba huo Mtaa wa Hannan umefanywa mpana vile ili misafara ya ngamia iweze kugeuka. Na waliochunga ngamia hao wakiitwa Waafghani. Ni kweli?

#22 Kapripointi
Ndiyo mkuu, ndivyo kila mtalii anavyoambiwa hapa. Mtaa ni mpana sana, magari yanaegeshwa mpaka katikati na nafasi inabaki.

#23 Bi Karatasi
Ngamia walikuwepo, hilo halina ubishi, bila wao mji usingekula kabla ya reli kufika 1896. Ila kuhusu upana mimi nina wasiwasi. Miji mingi ya Australia iliyopimwa karne ile ina barabara pana, hata ile isiyowahi kuona ngamia. Wapimaji walikuwa na vipimo vyao. Kuhusu "Waafghani", lilikuwa jina la jumla tu. Wengi walitoka Baluchistan, Punjab na Sindh, sehemu ambazo leo kwa kiasi kikubwa zipo Pakistan.

#24 Bin Slum wa Mji wa Kale
Wabaluchi! Kumbe nao walifika. Sisi Mombasa na Unguja tunao Wabaluchi tangu walipokuja kama askari wa Sultani wa Omani. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko. Ndugu mmoja kapanda jahazi kuja Mombasa na bunduki, mwingine kapanda meli kwenda Australia na ngamia.

Sasa niulize: hao wachunga ngamia waliruhusiwa kuingia kwenye hilo jumba mwaka 1908?

#25 Bi Karatasi
Kuingia sijui, lakini dhahabu hawakuruhusiwa kuigusa. Sheria za madini za jimbo lile enzi hizo zilimzuia mgeni wa Kiasia au wa Kiafrika kupewa kibali cha kuchimba. Soma tena: au wa KIAFRIKA. Kapripointi, ungefika wakati ule na digrii yako ya madini ungeishia kushika kamba ya ngamia.

Na tangu 1901, baada ya makoloni kuungana, sheria ya uhamiaji ikafunga mlango kabisa. Kwa hiyo mluhya wa #15 ana haki ya kuuliza "waliokaa pale walikuwa nani". Wenyeji asilia wa nchi ile nao hawakuulizwa chochote.

#26 Kapripointi
Hapo umenipiga ngumi ya tumbo dada.

#27 Nyundo na Patasi
Naomba niongeze maelezo mengine ambayo hayajatajwa. Mimi ni mchora ramani za majengo. Fasheni!

Wengi wa watu wa Kalgoorlie hawakutoka Perth, walitoka mashariki, hasa Victoria. Mwaka 1893 mabenki ya Melbourne yalianguka, kazi hakuna, na mwaka huohuo Hannan, huyo mwenye jina la mtaa, akaokota dhahabu. Watu wakahama kwa maelfu. Na hao walikuwa wamekulia wapi? Ballarat na Bendigo, miji ya rashi ya 1851. Ballarat ilikuwa imeshamaliza jumba lake 1872, lina mnara na kengele nane. Bendigo walilipanua lao miaka ya 1880 chini ya Vahland, Mjerumani aliyekuja kutafuta dhahabu akageuka msanifu majengo. Kwa hao watu, mji wa dhahabu usio na jumba lenye mnara si mji, ni kambi. Hawakuwa wanabuni, walikuwa wanakariri.

#28 Fundi Saa
Sikubali. Kama ni kukariri wangekariri mapema. Kwa nini wasubiri miaka kumi na mitano?

#29 Nyundo na Patasi
Ballarat yenyewe ilisubiri miaka ishirini na moja. Majumba haya hayaoti usiku mmoja. Kamati, michoro, shindano, mkopo, uchaguzi, meya mpya anafuta ya meya wa zamani. Diwani Mstaafu anajua.

#30 Diwani Mstaafu
Ukumbi wa kata yetu una msingi tangu enzi za mfumo wa chama kimoja. Naunga mkono hoja.

#31 Mzee wa Maduara
Nimerudi. Kuna jambo nimelisikia kwa mzungu mmoja wa kuchoronga miamba niliyefanya naye kazi, kwamba huko Kalgoorlie waliwahi kumwaga barabarani mawe yenye dhahabu bila kujua. Kuna ukweli?

#32 Kapripointi
Hiyo ndiyo hadithi wanayoipenda kuliko zote hapa. Sehemu ya dhahabu ya Maili ya Dhahabu haikai wazi ikang'aa, imeungana na teluri, elementi nyingine. Jiwe lina rangi ya shaba au fedha iliyofifia, mtu anadhani ni takataka. Inasimuliwa kwamba mawe hayo yalitupwa kwenye vifusi na mengine yakafukia mashimo ya barabara na kujengea, mpaka 1896 walipotambua. Ndipo ikaja rashi ya pili, ya kuchimbua barabara.

#33 Mzee wa Maduara
Mama yangu! Hiyo rashi ningeiwahi mimi.

#34 Mtu wa Lupa
Na halmashauri ingesema barabara ni mali ya TARURA, wakala wa barabara, chimba uone.

#35 Bi Karatasi
Naomba turudi kidogo, maana bado naona tumesahau siasa. Watu wa machimbo na serikali ya Perth walikuwa hawaivi. Mwaka 1898 serikali ilizuia wachimbaji wadogo kwenda chini zaidi ya futi kumi kwenye maeneo yaliyokodishwa kwa makampuni. Waziri mkuu wa koloni, John Forrest, alipokuja Kalgoorlie Machi mwaka ule, umati ukamzonga mpaka polisi wakamwokoa.

Mwaka 1900 wakaenda mbali zaidi: wakatishia kujitenga na Perth na kuunda koloni yao, jina lilishaandaliwa, Auralia, kama Perth haitaki kujiunga na shirikisho la Australia. Kura ya Julai 1900 ikapita, na wilaya za machimbo ndizo zilizoibeba. Sasa watu wa namna hiyo wakijenga jumba, hawajengi ukumbi wa dansi. Wanajenga ikulu ndogo ya kumwonyesha mtu wa Perth.

#36 Baba Tatu wa Perth
Bi Karatasi, kama walikuwa na hasira na Perth hivyo, mbona walikubali kunywa maji yake? Bomba lililetwa na Forrest huyohuyo.

#37 Bi Karatasi
Na waliyanywa huku wakilalamika bei. Ndiyo siasa hiyo mkuu.

#38 Kijana wa Pugu
Mnasema mji ulitaka kuishi milele. Mbona Coolgardie nao walijenga? Ipo kama kilomita 40 kutoka hapo, dhahabu ilionekana 1892 kabla ya Kalgoorlie, na 1898 ilikuwa mji wa tatu kwa ukubwa baada ya Perth na Fremantle. Jengo lao la mahakama na ofisi za serikali la mwaka huo ni kubwa kuliko mahitaji. Leo ni kijiji, jengo linazidi watu. Kwa hiyo jumba halizuii mji kufa. Kalgoorlie walikuwa wanaiona Coolgardie inakufa mbele ya macho yao 1908, na bado wakajenga. Hapo hoja za kujiamini na za fasheni zote kwangu hazitoshi.

#39 Fundi Saa
Au walijenga KWA SABABU waliiona inakufa. Hofu nayo hujenga.

#40 Mzee wa Maduara
#39 hiyo ni yangu ya #3, umeivalisha suti tu.

#41 Kijana wa Pugu
Coolgardie ilikufa kwa sababu dhahabu yake ya juu iliisha na ya chini haikuwa nene. Kalgoorlie ilikuwa na mwamba. Tusiwatafutie falsafa. Mwamba ukikata, hata ujenge Msikiti wa Makka na Kanisa la Roma, watu wanaondoka.

#42 Mama Sarafu
Naomba kuuliza kuhusu yule mzee wa kiriba. Ndiye Hannan?

#43 Kapripointi
Ndiye. Paddy Hannan, Muayalandi kutoka Clare. Alikuwa na wenzake wawili, Flanagan na Shea, ila yeye ndiye aliyepanda farasi kwenda Coolgardie kusajili, na mtaa ukachukua jina lake. Sanamu ni ya 1929, yeye alishafariki Melbourne 1925. Hakufa tajiri, serikali ilikuwa inampa pensheni ndogo. Inayomwaga maji nje leo ni nakala. Ile ya asili, ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, imewekwa ndani ya jumba baada ya watu kuiharibu.

#44 Mama Sarafu
Kwa hiyo jumba limeishia kuwa nyumba yake. Angalau kapata pa kulala.

#45 Shangazi Zuu
Flanagan na Shea wao wamepata nini?

#46 Kiti cha Mbele
Wamepata kutajwa #43.

#47 Winchi
Nimefanya kazi ya kuchoronga Nzega na baadaye huko Australia. Wengi hamjui kwamba huo mji na sisi tumeunganishwa. Golden Pride ya Nzega, mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa Tanzania, 1998, ulikuwa wa kampuni ya Perth. AngloGold Ashanti wa Geita ndio wenye mgodi wa Sunrise Dam, kaskazini mashariki ya Kalgoorlie. Na shimo kubwa la Kalgoorlie, Super Pit, kama kilomita 3 na nusu kwa urefu na mita zaidi ya 600 kwenda chini, nusu yake ilikuwa ya Barrick mpaka walipouza 2019. Barrick haohao wa Bulyanhulu na North Mara.

Kwa hiyo mkisema "wao" na "sisi" kumbukeni wanahisa walikuwa walewale. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza.

#48 Mtu wa Lupa
Winchi umeniwahi. Na ndiyo hoja yangu ya manispaa hiyo.

#49 Nyundo na Patasi
Kuna la kuchekesha kuhusu 1989. Mwaka huo ndipo halmashauri za Kalgoorlie na Boulder zilipounganishwa kuwa mji mmoja, na mwaka huohuo migodi ya Maili ya Dhahabu ikawekwa chini ya uendeshaji mmoja ili kuchimba Super Pit. Mashimo mengi yakawa shimo moja, halmashauri mbili zikawa moja. Majumba tu ndiyo yaliyokataa kuungana.

#50 Fundi Saa
Makampuni yaliungana, halmashauri ikafuata. Wazi kabisa.

#51 Bi Karatasi
Mwaka kufanana si ushahidi, Fundi. Mazungumzo ya kuunganisha halmashauri jirani yapo kila mahali na kila miaka.

#52 Fundi Saa
Na 1908 mbili kufanana nako si ushahidi?

#53 Bi Karatasi
Hapo umenibana. Bado sijakubali lakini.

#54 Bin Slum wa Mji wa Kale
Nje ya mada kidogo: kuna aliyewahi kuiona sarafu ya dhahabu ya Tabora? Wajerumani 1916, wakati wa vita, wamezingirwa, wakafua sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, dhahabu ya Sekenke, Singida. Upande mmoja tembo. Ninyi mnasema hatukuachiwa kitu.

#55 Mama Sarafu
Jina langu linakujibu. Nimeiona kwa macho, mnadani Ulaya, na bei yake ingejenga huo ukumbi wa kata wa Diwani.

#56 Diwani Mstaafu
Msingi tu mama. Ukuta utasubiri bajeti ijayo.

#57 Mzee wa Maduara
Kapripointi, achana na pazia na sanamu. Hao wazee wa 1908 walichenjua kwa mitambo ya zamani, marudio yao (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) lazima yaliachwa na dhahabu ndani. Yako wapi? Yana mwenyewe?

#58 Kapripointi
Umechelewa mzee. Milima ya marudio ya kale iliyokuwa imezunguka mji ilichenjuliwa upya, mradi uliitwa Kaltails, ukamalizika 1999. Waliondoa vumbi mjini na dhahabu wakapata.

#59 Mzee wa Maduara
Yote?

#60 Winchi
Hakuna marudio yanayochenjuliwa yakaisha yote, unalijua hilo kuliko mimi. Ila sayanaidi, ile sumu ya kuchenjulia, na vibali vya huko si vya Lwamgasa. Na ile ya teluri haikubali hivihivi, walikuwa wanaichoma kwanza kwenye tanuri, moshi wa salfa unaingia hadi mjini. Baadaye wakaupeleka uchomaji Gidji, nje ya mji kaskazini.

#61 Mzee wa Maduara
Kumbe lazima kuchoma. Sasa Kapripointi, hiyo digrii yako inafundisha namna ya kuchoma, au mnaishia kwenye historia ya majumba? Maana nina mawe hapa, rangi ya shaba iliyofifia, karasha (mashine ya kusaga mawe) lilisaga, zebaki haikushika kitu. Nitumie namba nikupigie jioni.